Ujumbe Uliofika Gahanga Mara Nne

Simu yangu ilianza kutuma kila ujumbe mara mbili, mara tatu, hata mara nne, mwezi mmoja kabla ya siku ya kuposwa binti yangu wa kwanza. Naandika haya nikiwa bado na hasira, na kwa muda mrefu niliamini kwamba hasira hiyo ni ya simu.

Kwetu Rwanda siku hiyo tunaiita gusaba. Watu wa upande wa mume huja na msemaji wao, sisi tunakuwa na wa kwetu, na hao wawili hubishana mbele ya watu kwa utani na mafumbo mpaka binti atolewe. Katikati ya maneno hayo yote kuna mtu mmoja ambaye lazima awepo, naye ni shangazi wa binti, dada wa baba yake. Msemaji wetu husema sisi hatuna jibu mpaka shangazi aulizwe. Shangazi husimama, hukubali, kisha huingia ndani kumleta binti. Kigali ya leo unaweza kukodi hema, viti, wacheza ngoma, na hata hao wasemaji wawili, na watu hukodi kweli. Shangazi hakodiwi.

Binti yangu ana shangazi mmoja tu. Ni dada yangu, aliyenitangulia kwa miaka tisa. Tulizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, wazazi wetu wakiwa wakimbizi, na mama alipofariki ni yeye aliyenilea. Aliacha shule ili mimi niendelee, na sikumbuki hata mara moja aliyonikumbusha jambo hilo. Tuliporudi Rwanda yeye alipata kipande cha ardhi Gahanga, huko ambako mashamba ya maharage yanapakana na nyumba mpya za mabati ya rangi. Mimi nikajenga Kanombe, na kazi yangu iko Muhima, katika ofisi inayoshughulikia nyaraka za malori yanayotoka bandarini. Kutoka ofisini kwangu hadi kwa dada ni pikipiki moja na uvumilivu kidogo. Nalisema hili mapema, asije mtu akadhani dada yangu anaishi ng'ambo.

Sasa, jambo kama la kuposwa mtoto halisemwi kwa simu kwa mtu kama yeye. Unakwenda kwake, unakaa, unapewa cha kunywa, mnaulizana habari za shamba na za magoti, na ukishamaliza nusu ya kikombe ndipo unasema: dada, tunatarajia wageni. Nilijua hivyo. Hakuna aliyenificha. Lakini nyumbani ilikuwa imeundwa kamati, maana siku hizi hata kumsalimia jirani kunaundiwa kamati, na kamati ilikuwa imetunga ujumbe mzuri wa mwaliko wenye tarehe, saa na mahali, tuutume kwa watu wetu wote. Nikaanza kuutuma nikiwa ofisini, namsubiri dereva alete karatasi zake. Nilipofika kwenye namba ya dada nilisita. Nikajiambia namtumia tu ajue tarehe, Jumapili nitakwenda mwenyewe.

Jumapili ilinyesha. Jumapili iliyofuata kulikuwa na kikao cha kamati.

Wa kwanza kunishtua kuhusu simu alikuwa dereva mmoja wa Tanzania, mtu wa maneno mengi, aliyeingia ofisini akiwa ameishika simu yake juu kama hati ya mashtaka.

"Mzee, hizi sherehe zako ni nne au ni moja? Niambie mapema, maana suti ninayo moja."

Tulicheka. Halafu bosi wangu akaniita kuniuliza kwa nini namtumia namba ya kontena mara tatu, kwani yeye ni kiziwi? Hapo hatukucheka. Nikaanza kukagua, nikakuta kweli: mimi naandika mara moja na nabonyeza mara moja, lakini wenzangu wanapata msururu. Na ndipo nilipomkumbuka dada.

Nikampigia. Hakupokea. Siku ya pili hakupokea. Siku ya tatu alipokea, na nilizoea kwamba neno lake la kwanza ni kuniuliza nimekula nini. Safari hii hakuuliza.

"Nimezipata," alisema. "Zote nne."

Akakata.

Hapo ndipo akili yangu ilipopotea njia. Nilichosikia mimi ni hilo "nne". Nikajisemea: amechukia kwa sababu ya kelele, amedhani namsukuma, amedhani namfanyia mzaha. Yeye anatumia simu ndogo ya vibonye, kila ujumbe ukiingia inalia kama kifaranga kilichokanyagwa. Mtu mzima kupigiwa kelele mara nne na mwaliko uleule, lazima akasirike. Kwa hiyo, kosa ni la simu, na simu ikipona, dada naye atapoa. Nilifurahi kupata adui ninayeweza kumtia mfukoni.

Binti yangu, ambaye ndiye aliyekuwa anaposwa na ambaye hakujua lolote, aliniambia nizime simu niiwashe. Nilizima, nikawasha. Mke wangu akaniambia maneno mawili tu, "Si uende," nikamjibu kwamba kwanza nitengeneze simu. Akaendelea kumenya viazi.

Muhima haikosi fundi. Wangu alikuwa mwanamke wa makamo aliyekulia Bujumbura, mwenye kijimeza cha kioo ndani ya chumba anachoshirikiana na mshona nguo. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi.

"Muzee, inarudia kwa watu bote ao kwa mutu moja?"

"Kwa wengi. Lakini kwa dada yangu imezidi."

"Basi tutajaribia kwa huyo. Kwake ikienda moja, hata kwa bengine itaenda moja."

Nami, msomi niliyesomeshwa na jembe la dada yangu, nikaona ni busara. Alisafisha kumbukumbu ya muda, akawasha ripoti ya kufika ili simu iniambie kila ujumbe unapopokelewa, akanirudishia. Nikaandika: "Dada, naomba radhi. Simu yangu ni mbovu." Nikabonyeza. Ripoti ikaja. Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu. Yaani nilikuwa nimemwomba dada yangu radhi mara tatu kwa kumsumbua mara nne.

Kesho yake nilirudi wakati wa chakula cha mchana. Fundi aligundua kwamba ndani ya simu kuna programu mbili za ujumbe, ile iliyokuja na simu na nyingine niliyoipakua sijui lini, akasema pengine zinagombania kazi moja. Akaiondoa moja. "Tuma," akasema. Nilikuwa na haraka ya kurudi ofisini, nikaandika: "Jaribio. Usijibu." Zikaenda mbili.

"Iko inapungua," fundi akasema, akiridhika.

Siku ya tatu alirudisha mipangilio yote ya mtandao kama simu mpya, nikapoteza nywila zote nilizokuwa nimehifadhi, nikatuma "Jaribio" jingine, zikaenda mbili vilevile. Ndipo alipong'oa laini yenyewe, akaishika kwa kibano, akaivuta miwani yake kutoka kwenye paji la uso.

"Hii nani aliikata? Fundi wa viatu?"

Niliikata mimi, kwa mkasi wa kukatia kucha, mwaka ule nilipohama kutoka simu ya vibonye. Laini za zamani zilikuwa kubwa, na sikutaka kupanga foleni kuomba ndogo. Kwa miaka yote hiyo imekuwa ikicheza ndani ya kitundu chake, ikizidi kulegea kidogo kidogo. Fundi akanieleza kwa subira: ujumbe unatoka, unafika, lakini mtandao unapotaka kujibu kwamba umefika, laini inakuwa imeshapoteza mguso. Simu haisikii jibu. Inadhani ujumbe haukwenda. Inautuma tena.

"Simu haina makosa," alisema. "Iko inaogopa tu kama haikusikika."

Nilikwenda kupanga ile foleni niliyoikwepa, nikiwa na kitambulisho mkononi, nikapewa laini mpya yenye namba ileile. Nikairudisha kwa fundi, akaipachika, nikamwandikia dada ujumbe ambao nilidhani ndio wa mwisho: "Dada, simu imepona." Ripoti ikaja moja. Tukasubiri, mimi na fundi na hata yule mshona nguo aliyekuwa ameacha cherehani yake. Haikuja nyingine. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

"Sasa dada atafurahi," fundi alisema huku akifunga kifuniko. "Anaikalaga wapi?"

"Gahanga."

Mkono wake ukasimama. "Gahanga hii yetu?"

"Hii hii."

"Muzee. Siku tatu uko unakuja hapa."

Nilicheka, nikijua kwamba naye atacheka. Hakucheka. Mshona nguo alirudi kwenye cherehani yake, na mimi nikaondoka nikimlaani fundi moyoni kwa kuingilia mambo ya familia. Mtu ukiambiwa kweli na mgeni, kitu cha kwanza unachotafuta ni kasoro ya mgeni.

Dada hakujibu siku hiyo, wala siku ya pili. Na sasa sikuwa na mbovu wa kumsingizia.

Nilikwenda Jumamosi, baada ya umuganda, ile kazi ya mtaa ya mwisho wa mwezi, bado nina udongo kwenye viatu. Lilikuwa limebaki juma moja. Nilinunua sukari na majani ya chai njiani, zawadi ya kumpelekea mtu usiyemfahamu. Dada alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage kwenye ungo. Nilibisha hodi kwenye ua. Hakuinua macho. Aligeuza sikio.

"Ni nani?"

"Ni mimi, dada."

"Sema tena."

Nikasema tena. Nikamkaribia, na nilipoinama kumkumbatia nikaona jicho lake la kushoto limefunikwa na ukungu mweupe, na la kulia limeanza kulifuata. Vidole vyake vilikuwa vinachambua maharage kwa kupapasa, mabovu pembeni, mazima katikati, wala havikukosea hata punje moja.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mvua za mwaka jana."

Nikahesabu kichwani. Tangu kabla ya mvua za mwaka jana nilikuwa sijakanyaga pale. Nilikuwa nampigia simu, ndiyo, kila nilipokumbuka. Na kwenye simu sauti yake haikuwa na ukungu wowote.

Alinipa kikombe cha maziwa. Nilikunywa nusu, nikafungua mdomo niseme yale yanayosemwa, lakini akanitangulia. Tukiwa wawili huwa tunaongea Kiswahili cha Karagwe, na alikisema taratibu, bila kupandisha sauti. Bora angenigombeza.

"Simu ikilia huwa namfuata jirani anisomee. Siku ile nilikuwa shambani. Nikasema leo kuna aliyekufa, maana wewe huwa huniandikii. Nikatoka mbio na udongo mikononi, nikajikwaa pale kwenye mtaro. Jirani akanisomea kwamba naalikwa sherehe. Nikamuuliza, kwani anayeposwa ni nani? Akanitajia mtoto wangu."

Aliokota harage bovu, akalitupa.

"Jirani alijua kabla yangu, mdogo wangu. Yeye ndiye aliyenipa hongera."

Niliweka kikombe chini.

"Nimefika hapa, ikalia tena. Nikasema sasa huyu ndiye yeye, ameandika kwamba anakuja. Nikarudi kwa jirani. Ni ileile. Ikalia ya tatu, nikarudi. Ya nne nilimtuma mtoto wa jirani, nimeona haya. Halafu ukaanza kuomba radhi, nikawa nakwenda kusomewa radhi mbele ya mtu. Halafu jaribio. Jaribio ni nini?"

Nikamweleza habari za laini. Nilimweleza yote, mkasi, kitundu, mtandao, ripoti, kama mtu anayejitetea mbele ya hakimu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojichukia. Mwishoni nikasema: "Lakini sasa imepona, dada. Sasa inatuma mara moja tu."

Alitikisa ungo, maharage yakajipanga.

"Zile tatu ni za simu," alisema. "Ile ya kwanza ni yako."

Nilipiga goti. Nina miaka hamsini na kitu na magoti yangu yana malalamiko yao, lakini nilipiga goti pale mlangoni, nikasema maneno yote niliyotakiwa kuyasema majuma matatu kabla: dada, tunatarajia wageni, mtoto wako anaposwa, nimekuja kukuomba uje ukae mahali pako. Alininyanyua kwa mkono, kwa upole, akanikung'uta vumbi la suruali kama alivyokuwa akinifanyia kabla ya kwenda shule.

"Nitakuja," alisema. "Mtu akialikwa huenda."

Nilirudi Kanombe nikiwa mwepesi. Nikamwambia mke wangu kwamba yamekwisha. Nilizishika zile sentensi mbili za dada kwa upande ninaoutaka mimi. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema, lakini mwenye kuyamwaga ndiye wa mwisho kuamini.

Siku yenyewe hema zilijaa. Mbele, upande wetu, tulipanga viti vya familia, na kimoja karibu na mlango wa nyumba, kimefunikwa kitambaa cheupe, ndicho cha shangazi. Dada alifika saa ileile iliyoandikwa kwenye ujumbe, kabla ya mtu yeyote wa ukoo, amevaa mshanana wake wa rangi ya ndizi mbivu, ameshikwa mkono na jirani yake. Mhudumu mlangoni aliwauliza wao ni upande gani. Nilikuwa karibu, nikamsikia dada akimjibu, "Sisi ni wageni waalikwa." Wakaongozwa kwenye viti vya wageni, safu ya tatu kutoka mwisho.

Nilikwenda mbio. "Dada, kiti chako kiko mbele."

"Hapa tunasikia vizuri."

"Dada, tafadhali."

"Nenda, wageni wako wanakungoja." Akanipapasa mkono. Hakuwa na uso wa ugomvi. Jirani yake alikuwa anatazama chini, na nikaona kwamba hata yeye alitamani ardhi ipasuke immeze.

Msemaji wetu alipofika kwenye ile sehemu, akatandaza mikono, akasema kwa mbwembwe kwamba sisi wanaume hatuna binti wa kutoa, tunachunga tu, mwenye kauli ni shangazi, naye aulizwe. Watu wakatulia. Kiti cheupe kilikuwa kitupu. Niligeuka kutazama nyuma. Dada aliinama, nikadhani anasimama. Alikuwa anaweka chupa ya soda chini.

Kimya kiliendelea mpaka kikawa aibu. Kisha binamu wa mke wangu, mwanamke mwema aliyekulia Uganda, ambaye alikuwa amemwona binti yangu labda mara tano maishani, alinyanyuka kutoka safu ya pili. Baadaye nilijua kwamba kamati ilikuwa imemwandaa, kwa kuwa mke wangu ana macho kuliko mimi. Akasema maneno yanayosemwa, akaingia ndani, watu wakapiga makofi. Upande wa mume haukujua lolote. Kwao sherehe ilikwenda barabara.

Binti yangu alitoka ameshikwa mkono na mwanamke asiye wake. Alikuwa anatabasamu kama alivyofundishwa, lakini macho yake yalipita juu ya vichwa vya watu, safu kwa safu, hadi yakampata shangazi yake kule nyuma. Dada alikuwa amegeuza sikio kuelekea ngoma, anapiga makofi pamoja na wengine, akiwa hajui kwamba anatazamwa.

Sherehe ilipokwisha, mimi na mke wangu tulisimama pale penye upinde wa maua kuwaaga watu. Ndugu walikuja wakatukumbatia, bega hili, bega lile, kama ilivyo desturi. Halafu wakaja wageni. Dada alikuja nao, kwenye mstari, mbele yake mwalimu wa mtaani kwetu, nyuma yake jirani. Alipofika kwangu niliinama na kufungua mikono.

Alininyooshea mkono.

"Asanteni kwa kutualika," alisema. "Mmetupokea vizuri sana. Mungu awabariki."

Watu walikuwa wanasubiri nyuma yake. Nikaupokea mkono wake kwa mikono miwili, nikasikia sauti yangu ikimjibu kama ilivyomjibu mwalimu na kila mtu aliyetangulia: asante kwa kuja.